Redio Iliyokwenda Bugoye

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema ili tusisumbuane. Wateja wa karakana yangu hapa Kasese mjini hudhani ni umakini. Wananiona navua viatu, namwaga kopo la maji kwenye saruji, nasimama hapo miguu mitupu, nachomeka redio au pasi ya mtu kwenye umeme, napitisha kwanza bisibisi ya kupimia, ile yenye kitaa ndani ya mpini, kisha nakigusa kile kitu kila upande kwa mgongo wa mkono. Mgongo, si kiganja, kwa sababu kiganja kikipigwa na umeme hufumba na kung'ang'ania. Baada ya hapo ndipo mwenyewe anapewa mali yake. "Fundi Kabugho ana utaratibu," wanasema. Utaratibu gani! Ni woga mtupu, nao niliupata nikiwa na miaka kumi na tisa, kule Bwera, katika chumba cha mbele cha Papa Kambale, fundi aliyenifunza kazi hii. Mwezi uliopita mkewe, Mama Furaha, alinipigia simu asubuhi nikiwa nakunywa chai. "Kabugho, Papa ametuacha," akasema, akakata. Nilibaki nimeshika kikombe, na kitu cha kwanza kilichonijia, Mungu anisamehe, hakikuwa huzuni. Nilijiambia kwamba aliyeibeba siri yangu ameondoka, na sasa nimebaki nayo mimi.

Papa Kambale alikuwa Mnande wa Butembo, Kongo. Alivuka mpaka kuingia Uganda na mkewe na godoro moja wakati kwao kulipochafuka, akapanga nyumba kando ya barabara iendayo Mpondwe. Chumba cha nyuma walilala, cha mbele kilikuwa karakana, na katikati lilining'inia pazia la kitenge. Kulikuwa na rafu mbili: ya kushoto ya vitu vinavyosubiri, ya kulia ya vitu vilivyokwisha. Harufu ya risasi ya kulehemu inayoyeyuka ilichanganyika na ya sombe ya Mama Furaha, majani ya muhogo kwa mawese, ambayo tuliila kwa bundu, ugali wa muhogo, kila mchana, sisi watatu, sahani ikiwa katikati ya nyaya. Hadi leo nikisikia harufu ya mawese naona redio zimefunguliwa matumbo. Na kazi iliyompa jina haikuwa kufufua vilivyokufa, hiyo kila fundi aliiweza. Yeye alipunguza ulaji. Mtu akilalamika kwamba umeme wa nyumba yake unakwisha bila kuonekana unakokwenda, Papa alimfuata hadi kwake, akamwambia azime kila kitu, kisha akamsimamisha mbele ya mita. Siku zile mita zilikuwa na kile kisahani chenye alama nyekundu. Nyumba kimya, televisheni imezimwa, redio imezimwa, na kisahani bado kinatambaa. "Unaona?" alisema. "Batu banalala, mashini hazilali. Redio yako umeifunga mudomo tu, tumbo bado inakula."

Ndani ya redio za zamani mlikuwa na transfoma, donge la chuma na waya wa shaba, lililobaki na joto kutwa kucha hata swichi ikiwa imezimwa. Papa alilitoa, akaweka kibao kidogo cha saketi alichokiokoa kwenye chaja ya simu iliyovunjika. Friji aliibana karatasi mlangoni. Karatasi ikichomoka kirahisi, alibadilisha mpira. Televisheni iliyokesha ikisubiri rimoti aliiwekea swichi ya ukutani. Kisha alimrudisha mwenye nyumba kwenye mita, wakakuta kisahani kimesimama tuli, na mtu mzima na ndevu zake anacheka kama amepewa peremende. Mimi nilicheka naye. Niliipenda kazi ile kupita kiasi, na kiburi changu kilianzia hapo.

Maana mezani tulikuwa na kipimo cha sindano kilichoonyesha kila kitu kinakula kiasi gani, na nilitaka siku moja niishushe sindano ile kuliko alivyoweza yeye. Njia ilikuwepo. Unaweka kapasita moja, kidude cha ukubwa wa kidole gumba, na vipande vichache, basi. Hakuna transfoma wala chaja, na kifaa kinakula karibu na bure. Papa aliitumia kwa taa tu, zile zilizozibwa ndani ya plastiki mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, kwa sababu kwa njia hiyo hakuna kinachouzuia umeme wa ukutani. Unaingia ndani ya kifaa mzima mzima. "Kwa taa, sawa," aliniambia, akanishika sikio ili lisisahau. "Kwa kitu mutu anashika na mukono, hapana. Kuran," yaani umeme, "haijui kama weye ni mutoto wa mutu. Umesikia?" Nilisikia vizuri sana. Siwezi kudai kwamba sikuambiwa.

Ilikuwa Jumatano, naye amekwenda Kasese kutafuta vipuri. Kwenye rafu ya kushoto palikuwa na redio ya bati ya kijani, yenye antena ndefu, aliyotuachia mama mmoja muuza samaki wa Mpondwe baada ya kununua mpya. "Kaeni nayo, mtoe vyuma," alisema. Nikaiwekea kapasita, nikaichomeka kupitia kwenye kipimo. Loo! Redio inaimba, na sindano imelala pale pale, haitikisiki. Nilipiga kigelegele peke yangu. Nikaona nimsubiri Papa, nimwonyeshe, nitazame uso wake, kisha nitaifungua na kuing'oa kapasita. Kuishika kwa mgongo wa mkono sikuishika. Ya nini, wakati si ya kumpa mtu? Nikaichomoa, nikafunga parafujo, nikaiweka kwenye rafu ya kulia ili aione mara tu anapoingia, nikaenda bombani kuchota maji. Niliporudi, Mama Furaha alikuwa mlangoni anachambua mboga. "Biira amekuja, amechukua redio yake," akaniambia bila kuinua macho. Nikatazama rafu. Ile ya kijani haikuwepo.

Hapa niwaeleze wasio wa huku. Kwetu, kwa Wakonzo na kwa Wanande vilevile, mtoto hatafutiwi jina, analikuta linamsubiri. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, kama mimi. Kila nyumba iliyobahatika kupata wasichana wawili ina Biira wake. Papa alibandika karatasi kwenye kila kitu na kuandika jina moja tu, maana yeye alikumbuka sura. Yule muuza samaki alikuwa Biira, na karatasi yake nilikuwa sijaibandua. Nikainama kwenye rafu ya kushoto, nikaona nyuma ya televisheni redio nyingine ya bati, ya kijani, bado na transfoma yake tumboni, imebandikwa karatasi: Biira. "Biira yupi, Mama?" nikauliza. "Biira, mwenye redio. Ameonyesha ya kijani, nimesoma jina, nimemupa. Nimekosea?" Ningesema pale pale, mambo yangekwisha, pengine mwanamke yule alikuwa bado yumo sokoni. "Hapana, Mama, hujakosea," nikasema.

Nilikwenda sokoni mbio, nikazunguka hadi wachuuzi wakaanza kufunga. Kisha zikaja siku ambazo sijui nizieleze vipi. Mtu fulani, mahali fulani, anaichomeka redio ile ukutani na kunyoosha mkono kuivuta antena. Nililiona hilo kila nilipofumba macho, na nilipoyafumbua pia. Nilijifanya natumwa vipuri, nikaenda Munkunyu, nikaenda Kitswamba, nikauliza kila Biira niliyeelekezwa. Walinicheka. "Mimi Biira, lakini redio sina, nyabo. Niongezee basi!" Mmoja alinitolea shemeji zake watatu, Biira wote, wakasimama mbele yangu kwa mstari, wakaangua kicheko. Nilicheka nao huku jasho likinitoka. Niliposikia kilio, hata cha mtoto aliyechapwa, niliuliza nani amekufa. Mwaka ule Bwera nzima ilikuwa na hofu yake, watu wakisimama barabarani kutegea sikio kila mlio wa bunduki uliotoka upande wa pili wa mpaka. Mimi niliusikia mlio ule nikaona ni wa watu wengine. Kilichonitisha ni nyumba moja tulivu, yenye soketi ukutani, ambayo sikuijua ilipo.

Jumamosi ya wiki iliyofuata nilikuwa nimeinama mezani, nao wako nyuma ya pazia wanamenya ndizi. "Huyu mutoto iko na nini?" Papa akauliza. "Sahani anairudisha vile imekuja." Mama Furaha akashusha sauti, lakini pazia ni pazia tu. "Labda iko na mimba." Papa akakataa. "Mimba haitume mutu kutafuta Biira kwa muji muzima. Fundi ya Kitswamba ameniuliza leo: weye unamutafuta Biira gani?" Kisu kikaacha kumenya. Sikungoja kuitwa. Nililifungua pazia, nikasema yote, hata ya sindano, hata ya kigelegele. Nilingoja kofi. Papa aliuliza neno moja tu: "Uliishika?" Nikatikisa kichwa. Akaketi juu ya kreti. Mama Furaha akaanza kulia taratibu. "Usiseme kwa mutu, Papa. Hapa tunakaa sababu batu banatupenda. Siku mutu atakufa na kitu ya mukono wako, banaturudisha ng'ambo. Na ng'ambo kuko nini?" Papa alimwacha amalize. "Na kama mutu iko anaishika sasa hivi?" akasema.

Kesho yake, Misa ilipokwisha, aliongea na katekista, kisha akasimama mbele ya watu wote na kofia mkononi. "Ndugu zangu, kuko redio ya kijani, ya bati, imetoka kwangu. Nimeitengeneza mubaya. Inaua. Mwenye iko nayo, hapana ichomeka, hapana igusa." Alisema nimeitengeneza. Mimi nilikuwa benchi la tatu. Nilitazama vidole vya miguu yangu, na hadi leo nikiingia kanisa lolote sikai benchi la tatu. Mwanamke mmoja akasimama nyuma. "Hiyo ni ya dada yangu Biira, wa Bugoye! Alikuja kwangu Jumatano ya soko, akaondoka nayo." Papa akauliza kama ana simu. Hana. "Lakini huko umeme haiko, mzee," mwanamke akasema. "Mto iliangusha nguzo wiki ile, kabla hajafika. Anasikiliza na betri." Kanisa zima lilipumua. Papa hakupumua, alikwisha kunishika mkono tunatoka.

Tulifika Kasese, tukachukua bodaboda, tukapandisha bonde la Mubuku, watu watatu kwenye kiti kimoja. Karibu na Bugoye tukaona gari la mafundi wa laini ya umeme, na kijana juu ya nguzo mpya. Papa aliruka kabla pikipiki haijasimama. "Bwana, ngojeni kidogo, kuko kitu mubaya kwa nyumba moja!" Yule wa chini hakugeuka hata. "Sisi tuna amri, mzee. Watu wamekaa giza wiki nzima na zaidi." Papa hakubishana, aliuliza tu nyumba ya Biira. Wakaonyesha kwa kidole: ile ya bati jipya, baada ya mgomba. Tukaanza kukimbia, na tulipopita mgomba niliona kitu ambacho hata kwenye hofu yangu yote sikukiwaza. Redio ilikuwa dirishani, kimya, imechomekwa ukutani ikingoja umeme. Kwenye antena yake walikuwa wamefunga waya ili ishike stesheni vizuri, na waya ule ulitoka nje ya dirisha ukaenda kufungwa kwenye kamba ya kuanikia, ambayo nayo ilikuwa waya mtupu, kutoka ukutani hadi kwenye mti. Chini yake amesimama mwanamke, miguu mitupu, beseni la nguo mbichi mbele yake, shuka inachuruzika mikononi. Watoto wawili walikuwa wanacheza kwenye matope. Nyuma yetu bonde zima likapiga kelele kwa furaha: "Umeme! Umeme imerudi!" Na redio dirishani ikaanza kuimba.

Mimi niligeuka jiwe. Papa Kambale, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akimkemea hata paka, akatoa sauti iliyotoka sijui wapi. "Lala chini! Lala! Wote chini!" Ilikuwa sauti ya askari. Kila mtu wa milima hii aliyefikia umri fulani anaijua sauti hiyo, na mwili wake unaitii kabla ya akili. Mwanamke alianguka kifudifudi pamoja na shuka yake. Watoto walilala. Jirani aliyekuwa anapepeta maharage ng'ambo ya ua alilala. Hata mimi nililala, matope yakaniingia mdomoni. Ni yeye peke yake aliyekuwa amesimama, anaingia nyumbani kwa watu bila hodi, na redio ikakatika katikati ya wimbo.

Alitoka. Akawasogeza wote mbali, akaniita: "Kuja uone." Akarudi ndani kuichomeka, akatoka na bisibisi ya kupimia, akaigusa kamba ya nguo kwa ncha, akafunika mpini kwa kiganja cha pili ili pawe na kivuli. Ndani ya kivuli kile kitaa kiliwaka, chekundu, kidogo kama punje ya ulezi. Nimekiona tangu siku hiyo kila siku ya maisha yangu. Biira alikuwa ameinuka, matope kutoka paji la uso hadi magoti, na hasira ilikuwa imempanda. "Wewe Mukongo! Unaniuzia kifo, halafu unakuja kunilaza chini kama mnyama mbele ya watoto wangu?" Papa alivua kofia. "Ndiyo, mama. Iko mukono yangu. Unisamehe." Nilisema moyoni, sema, Kabugho, sema sasa. Sikusema. Alimwahidi kumletea redio yake halisi, ameitengeneza mwenyewe. "Kaa nayo!" Biira akapiga kelele. "Usikanyage hapa tena!" Na alihakikisha. Kutoka siku hiyo hakuna mtu wa Bugoye aliyeleta hata tochi kwetu, na maneno yalishuka hadi Kasese kwamba kule Bwera kuna Mukongo anayetega watu.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Nililia nikiuliza, na nusu ya machozi ilikuwa ya shukrani, jambo linalonikera zaidi nikilikumbuka. "Weye uko wa hapa," akasema. "Utafanya kazi hapa, utaolewa hapa. Miye banitukane, nimezoea." Hakulitaja tena. Nilikaa kwake hadi mwaka ule ukaisha, kila siku tukila sombe sahani moja, na kila siku ile redio ya pili ya kijani ikinitazama kutoka kwenye rafu ya kulia, tayari, na karatasi yake ya Biira. Wateja walipungua. Mama Furaha hakunitamkia neno, ila aliacha kuniita mwanangu.

Tulimzika Papa Kambale pale Bwera. Walikuja watu wengi, na mmoja wao akasimulia siku Papa alipowalaza watu wa Bugoye kwenye matope. Watu walicheka huku wakifuta machozi, na mimi nikacheka, mnajua sasa mimi ni mtu wa namna gani. Baada ya chakula Mama Furaha alinivuta nyuma ya pazia. Pazia ni jipya, chumba ni kile kile. Akanipa mfuko wa plastiki wenye ile redio ya kijani ya Biira. "Hii ni kazi yako, imebaki," akasema. Niliifungulia Kasese, mezani kwangu. Ndani, mahali pa transfoma, palikuwa na kibao cha chaja, kimefungwa vizuri kwa plastiki ngumu, mbali na bati, waya zake zimelazwa kama nywele zilizosukwa. Niliipima mara tatu. Nilivua viatu, nikamwaga maji, nikaigusa mara tatu. Haina kosa lolote. Imekaa hivyo miaka yote hiyo ikimsubiri mwenyewe.

Juzi niliipeleka Bugoye. Nyumba ni ile ile, kamba ya nguo sasa ni ya nailoni. Biira ana mvi, na alinitazama muda mrefu kabla ya kunikaribisha kiti. "Wewe nani?" Nikamwambia: Kabugho, niliyekuwa kwa Papa Kambale, wa Bwera. "Yule Mukongo," akasema. Nikamwambia amekufa. Nikaiweka redio mezani, nikasema kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu: "Mama, ile ya kwanza hakuitengeneza yeye. Hata nyumbani hakuwepo. Ni mimi." Nje kuku walikuwa wanakwaruza. "Na siku ile ulikuwa hapa," akasema hatimaye. "Ulilala karibu na mimi. Niliona sketi yako." Nikasema ndiyo. "Miaka yote nalaani mtu bure, na wewe unajua." Nikasema ndiyo. Nilitaka anipige.

Aliinuka, akaichukua redio, akaiweka dirishani, pale pale, akaichomeka mwenyewe na kuivuta antena yote. Ikaanza kusema. Kisha akaleta kibuyu cha maji, akayamwaga sakafuni mbele yangu. Utaratibu wangu hakuufahamu, hakuna aliyewahi kumwambia; alikumbuka tu matope aliyosimama siku ile. "Shika," akasema. Nikatafuta bisibisi yangu kwenye mkoba. "Bila hiyo." Nilijua haina kosa. Nilikuwa nimeipima mara tatu, na kazi ni ya mkono wa Papa. Kujua hakukunisaidia chochote. Nikavua viatu, nikasimama kwenye maji, nikanyoosha mkono, mgongo mbele. Biira akanishika kifundo cha mkono, akaugeuza. "Hapana. Shika vile mimi ningeshika." Nikakifungua kiganja, nikaifumba antena ndani yake, nikasubiri aniambie niiachie.